Kimeng'enya Hakigeuzi Mchanga Kuwa Yai

Pale Buguruni, mahali barabara ya Uhuru inapokutana na barabara ya Mandela, shughuli huanza kabla jua halijachomoza. Malori ya kutoka mikoani hushusha ndizi, mihogo na machungwa. Mikokoteni huingia na kutoka. Na wachuuzi hushika njia ya Kariakoo, Ilala na Vingunguti wakiwa na mizigo yao. Katika mitaa ya eneo hilo, kama ilivyo katika vitongoji vingi vya Dar es Salaam, yapo pia maduka ambayo bidhaa zake haziliwi na binadamu, ingawa hatimaye humfikia mezani. Ni maduka ya chakula cha mifugo. Humo mna magunia ya pumba za mahindi na za ngano, mashudu ya alizeti na ya pamba, dagaa waliosagwa, chokaa, chumvi na unga wa mifupa. Mfugaji hutaja idadi ya kuku wake, muuzaji hupima, kijana huchanganya kwa sepeto juu ya sakafu, na gunia hufungwa kwa kamba.

Juu ya meza za maduka ya namna hiyo sasa huonekana bidhaa nyingine, ndogo kwa umbo lakini kubwa kwa ahadi. Ni pakiti za unga ambao kazi yake, kwa maelezo ya wauzaji, ni kumsaidia mnyama kukimeng'enya chakula chake. Unga huo una vimeng'enya. Wapo wafugaji wanaoununua wakiamini kwamba ni dawa ya kila tatizo la bandani, na wapo wanaoupuuza wakidhani ni hila nyingine ya kuchuma fedha za wananchi. Makundi yote mawili yamekosea, na kosa lenyewe lina gharama.

Gharama hiyo huwaangukia kwa uzito watu wa mshahara. Katika miaka ya 1980, mshahara ulipopoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kununua, watumishi wengi wa Dar es Salaam, wakiwamo makarani, wauguzi na walimu, waligeukia miradi midogo ya nyumbani, na mradi wa kuku ukawa miongoni mwa iliyopendwa sana. Desturi hiyo haikukoma. Hata leo mwalimu anayekaribia kustaafu aghalabu huhesabu kiinua mgongo chake kwa vifaranga, na ada ya mtoto wake kwa trei za mayai. Chakula peke yake huchukua zaidi ya nusu ya gharama za kufuga kuku wa mayai. Kuku mmoja hula takriban gramu 120 kwa siku; kwa hiyo kuku 300 humaliza kilo 36 kila kukicha. Gunia lililochanganywa vibaya, basi, si hasara ya siku moja. Ni hasara inayorudiwa kila asubuhi, mpaka mwenye mradi anapogundua kwamba banda limekula kiinua mgongo chote.

Kwanza yafaa ieleweke kimeng'enya ni kitu gani. Kimeng'enya ni protini inayotengenezwa na kiumbe hai kwa ajili ya kuharakisha mabadiliko ya kikemia, nayo yenyewe haiishi kwa kufanya kazi hiyo. Mate ya binadamu yana amilesi, ambayo huanza kuuvunja wanga kuwa sukari. Ndiyo sababu mtu akitafuna ubwabwa kwa muda mrefu huonja utamu. Tumboni mna pepsini inayovunja protini. Kongosho hutoa tripsini kwa ajili ya protini na lipesi kwa ajili ya mafuta. Kila kimeng'enya kina kazi yake, kama ufunguo ulivyo na kufuli lake, wala kimoja hakifanyi kazi ya kingine.

Elimu hii si ngeni katika nchi hii. Mpishi wa pwani anayeipaka nyama ngumu utomvu wa papai bichi kabla ya kuibandika jikoni anatumia papaini, kimeng'enya kinacholainisha nyama kwa kuvunja protini zake. Mama anayeotesha ulezi au mtama, akaukausha na kuusaga, kisha akautia katika uji mzito nao ukalegea, anatumia amilesi iliyozaliwa ndani ya mbegu wakati wa kuchipua. Huo ndio kimea, na ndio msingi wa togwa. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa lishe nchini, wakiwamo wa Taasisi ya Chakula na Lishe iliyoundwa mwaka 1973, waliipa desturi hiyo uzito mpya. Ilionekana kwamba kimea kidogo huulegeza uji mzito pasipo kuongezwa maji, na kwa hiyo mtoto mwenye tumbo dogo hupata nguvu nyingi zaidi katika bakuli lile lile. Kwa hiyo mtu anayedai kwamba vimeng'enya ni mambo ya Wazungu hajatazama vizuri ndani ya chungu cha nyumbani kwake.

Katika mifugo hali ni hiyo hiyo, ila matumbo hutofautiana. Ng'ombe na mbuzi wamejaliwa tumbo kubwa la kwanza ambamo huishi vijidudu visivyohesabika. Vijidudu hivyo hutoa selulesi, kimeng'enya kinachovunja nyuzinyuzi za majani ambazo hakuna mnyama mwenye uti wa mgongo anayeweza kuzivunja kwa vimeng'enya vya mwili wake mwenyewe. Ng'ombe wa Pugu au wa Kisarawe anapocheua chini ya mti, kwa kweli analisha jeshi la vijidudu, na jeshi hilo ndilo linalomlisha yeye. Kuku hana jeshi la kiasi hicho. Chakula chake hupita katika kifuko cha kooni, kikasagwa katika firigisi, kikapita utumbo kwa saa chache tu, kisha kikatoka. Kile ambacho vimeng'enya vyake havikukiwahi huangukia sakafuni pamoja na fedha za mfugaji.

Miongoni mwa vitu ambavyo kuku hawezi kuvifikia kwa urahisi ni fosforasi, madini yanayojenga mifupa na kushiriki katika kazi zote za mwili. Pumba na mashudu vina fosforasi ya kutosha ukiihesabu katika maabara. Lakini takriban theluthi mbili ya fosforasi ya nafaka na mbegu imefungwa ndani ya kemikali iitwayo faiteti, na kimeng'enya cha kuifungua, yaani faitesi, ni haba katika utumbo wa kuku na wa nguruwe. Mnyama huwa kama mtu aliyefungiwa nje ya ghala lake mwenyewe. Kwa sababu hiyo wachanganyaji hulazimika kuongeza unga wa mifupa au fosfeti ya kiwandani iliyonunuliwa kwa fedha za kigeni. Tanzania inao mwamba wa fosfeti pale Minjingu, mkoani Manyara, lakini mwamba huo una floridi, na haufai kupewa mifugo kwa muda mrefu mpaka kwanza floridi ipunguzwe.

Hapo ndipo sayansi ya vimeng'enya ilipopata kazi kubwa. Majaribio ya kutia vimeng'enya katika chakula cha kuku yaliandikwa huko Marekani tangu miaka ya 1920, na katika miaka ya 1980 nchi za Ulaya zilianza kuvitumia kibiashara ili kuku waweze kulishwa shayiri, nafaka ambayo utando wake unaonata huzuia umeng'enyaji na kuchafua matandiko ya banda. Mwaka 1991 faitesi iliyotengenezwa kwa kutumia kuvu iliingia sokoni Uholanzi. Waholanzi hawakuanzia kwenye uchumi wa mfugaji peke yake. Walikuwa na taabu ya samadi: fosforasi ambayo mifugo ilishindwa kuitumia ilikuwa imejaa ardhini na majini mwao. Faitesi ilipunguza uchafu huo kwa kuifungua fosforasi ndani ya tumbo, kabla haijafika shambani na mtoni.

Jambo hilo la pili lisidharauliwe. Mabanda mengi ya Buguruni, Vingunguti na Tabata hayako mbali na bonde la mto Msimbazi, na mvua za masika husomba kila kilichoachwa wazi. Ziwa Viktoria limekwisha kulionyesha taifa nini hutokea pale rutuba inapozidi majini: magugu maji hushamiri, mitumbwi ikashindwa kupita na samaki wakakosa hewa. Kinyesi cha kuku ni mbolea nzuri kikiwekwa shambani kwa kipimo, lakini kikiachiwa mto ni adha kwa wanaoishi chini yake.

Je, kwa kuwa faida ni kubwa hivyo, kila mfugaji akimbilie pakiti? La hasha. Hapa ndipo panapohitajika akili badala ya ushabiki.

Sababu ya kwanza ni kwamba kimeng'enya huchaguliwa kwa kutazama chakula. Unga uliotengenezwa kwa ajili ya kuku wa Ulaya wanaokula ngano na shayiri hauwezi kutarajiwa kuleta faida ile ile kwa kuku wa Dar es Salaam anayekula mahindi, kwa sababu mahindi hayana utando mwingi wa namna hiyo. Mfugaji wa mahindi akiulipia kwa bei ya ahadi za Ulaya, amenunua ufunguo wa mlango ambao nyumba yake haina. Faitesi, kwa upande wake, ina kazi hapa, kwa kuwa pumba na mashudu yamejaa faiteti. Zailanesi inaweza kuwa na kazi pale pumba za ngano zinapotumika kwa wingi. Swali la kwanza dukani, basi, lisiwe bei ya pakiti. Liwe hili: ndani mna kimeng'enya gani, nacho kimekusudiwa chakula gani?

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Kimeng'enya ni protini, na protini huharibika kwa joto na unyevu, kama ute wa yai unavyoganda katika kikaango usiweze kurudi hali yake. Pakiti iliyokaa miezi chini ya bati lenye jua la Dar es Salaam, au iliyofunguliwa ikaachwa ivute unyevu wa masika, huenda ikawa na rangi ile ile, harufu ile ile na uzito ule ule, lakini ndani yake kazi imekwisha. Ndiyo maana nguvu ya kimeng'enya haipimwi kwa gramu. Hupimwa kwa yuniti za kazi, na chakula cha kuku wa nyama kwa kawaida hutiwa takriban yuniti 500 za faitesi kwa kila kilo moja. Pakiti isiyotaja yuniti haijataja kitu.

Na yafaa madhara ya kimeng'enya kilichokufa yaangaliwe kwa makini. Mchanganyaji anayetumia faitesi hupunguza unga wa mifupa au fosfeti katika mchanganyiko wake, kwa kuwa anatarajia kimeng'enya kitaitoa fosforasi iliyofungwa. Hiyo ndiyo faida yake ya fedha. Asipopunguza, amelipa mara mbili kwa kitu kimoja. Lakini akipunguza, na kimeng'enya chenyewe kikawa kimekufa, kuku amenyang'anywa mkono wa kulia na wa kushoto. Mifupa hulegea, miguu ya vifaranga hupinda, kuku wa mayai hushindwa kusimama. Vitamini au dawa ikiwa hafifu, mara nyingi mfugaji hubaki pale pale alipokuwa. Kimeng'enya kikiwa hafifu, humrudisha nyuma, maana kitu fulani kimekwisha ondolewa kwenye gunia kwa kukiamini. Kwa hiyo biashara ya vimeng'enya ni biashara ya uaminifu kuliko biashara nyingine yoyote ya chakula cha mifugo, nayo haiwezi kuachwa iendeshwe kwa maneno matupu ya mezani.

Sababu ya tatu inajulikana na kila mfugaji wa mjini, ingawa husemwa kwa kunong'ona. Dagaa huchanganywa na mchanga. Pumba hutiwa maganda ya mpunga yaliyosagwa. Mashudu hukaa mpaka yakaota ukungu, kisha yakachanganywa na mapya ili harufu ipungue. Mfugaji huona kuku wametaga kwa kusuasua, akaambiwa kwamba dawa ni pakiti ya vimeng'enya. Huu ni udanganyifu juu ya udanganyifu. Hakuna kimeng'enya duniani kinachogeuza mchanga kuwa yai. Ganda la yai moja hubeba takriban gramu 2 za kalsiamu. Kuku asiyepewa chokaa ya kutosha atazitoa katika mifupa yake mwenyewe, na pakiti yoyote itabaki kuwa shahidi tu. Wahenga walisema kwamba rahisi yavunja upishi, na banda la kuku halina tofauti na jiko.

Jambo la kutia moyo ni kwamba mfugaji mwenye maarifa anavyo vimeng'enya na kanuni zake kabla hajanunua pakiti hata moja. Pumba za ngano zinazotoka katika vinu vya mjini zina faitesi ya asili nyingi kuliko pumba za mahindi. Mchanganyiko wenye kiasi cha pumba hizo, usiopitishwa katika joto kali, una msaada wake. Kiwanda cha bia kilichoko Ilala hutumia amilesi ya shayiri iliyooteshwa ili kugeuza wanga kuwa sukari, na machicha yanayobaki baada ya kazi hiyo ni chakula chema cha ng'ombe wa maziwa, mradi yaliwe yakiwa mabichi na yasiachwe yachache kupita kiasi.

Kadhalika soya. Wapo wanaosikia kwamba soya ina protini nyingi, wakaisaga mbichi na kuwapa kuku, kisha wakashangaa kuona vifaranga vimedumaa. Soya mbichi ina kemikali inayoizuia tripsini isifanye kazi. Kongosho la kifaranga hujitahidi kutoa tripsini zaidi na zaidi mpaka likavimba, na protini iliyonunuliwa kwa bei ghali hupita bure. Tiba yake ni moto. Soya ikikaangwa au kuchemshwa sawasawa, kizuizi hicho huvunjika. Hapo mfugaji hanunui kimeng'enya. Anakiachia huru kile ambacho kuku anacho tayari.

Muhogo nao unafundisha upande wa pili wa somo. Maganda na mihogo iliyochujwa sokoni hupelekwa kwa mbuzi na ng'ombe wa mjini kila siku. Muhogo, hasa ule mchungu, una linamarini, na katika mmea huo huo mna kimeng'enya kiitwacho linamaresi. Muhogo ukiwa mzima, viwili hivyo hukaa mbalimbali. Ukikwaruzwa au kupondwa hukutana, na sumu ya sianidi ikatoka. Ukiachwa ufanye kazi hiyo kwa muda wa kutosha, kisha ukaanikwa vizuri juani, sumu hupotea hewani na chakula kikawa salama. Ukiharakishwa, sumu humsubiri mlaji. Mwaka 1985, wilayani Tarime, mkoani Mara, watu walipatwa na konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu, baada ya kula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa kwa muda unaotakiwa wakati wa ukame. Kimeng'enya kile kile ni rafiki wa mwenye subira na adui wa mwenye haraka. Somo hilo lililolipiwa kwa viungo vya binadamu halistahili kusahauliwa wala kwenye zizi la mbuzi.

Kazi ya taifa, basi, iko wapi? Katika miaka ya 1970 serikali iliona kwamba chakula cha mifugo ni jambo la umma. Mamlaka ya maendeleo ya mifugo iliyoundwa mwaka 1974 ilikuwa na makampuni yake, miongoni mwao kampuni ya kuku na kampuni ya kutengeneza chakula cha mifugo. Makampuni hayo yalikuwa na kasoro zao, na wakati wa mageuzi ya uchumi biashara hiyo iliingia mikononi mwa watu binafsi. Hakuna haja ya kulilia yaliyopita. Lakini kazi ya kutengeneza ilipohama, kazi ya kukagua haikuhama. Hiyo ilibaki kuwa ya serikali, na wala haiwezi kuwa ya mtu mwingine.

Sheria haikukosekana. Sheria ya maeneo ya malisho na rasilimali za vyakula vya mifugo, Na. 13 ya mwaka 2010, iliweka msingi wa kusimamia utengenezaji, uuzaji na ubora wa chakula cha mifugo. Maabara nayo haikukosekana: Wakala wa Maabara ya Veterinari, ulioanzishwa mwaka 2012, una makao yake Temeke, kwenye barabara ile ile ya Mandela inayopita Buguruni. Mtu anaweza kupanda basi kwenye njia panda ya Buguruni akiwa na mfuko wa sampuli mkononi na kufika huko kabla jua halijawa kali. Umbali kati ya gunia la mchanga na ukweli ni mfupi mno. Kinachokosekana ni desturi ya kuuvuka.

Wapo watakaosema kwamba mfugaji mdogo hana uwezo wa kulipia vipimo. Hoja hiyo ina haki yake, na haifai kupuuzwa. Mwenye kuku 100 hawezi kupima kila gunia. Lakini wafugaji kumi wa mtaa mmoja wanaonunua kwa mchanganyaji mmoja wanaweza kuchangia kipimo kimoja, na matokeo yake yakawafaa wote. Zaidi ya hayo, mzigo wa kuthibitisha ubora haupaswi kuwa wa mnunuzi kwanza. Anayeuza ndiye anayejua alichokitia. Na aandike.

Hapo ndipo wajibu wa ofisa mifugo wa kata unapoanza. Kutembelea maduka kusiwe kwa ajili ya leseni na ushuru peke yake. Kila gunia lililochanganywa kwa ajili ya kuuzwa liwe na maandishi: vilivyomo, tarehe ya kuchanganywa, na aina ya mnyama anayekusudiwa. Kila pakiti ya vimeng'enya ionyeshe jina la kimeng'enya, yuniti zake kwa gramu, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, na joto la kuhifadhia. Maandishi hayo yawe kwa Kiswahili, kwa kuwa onyo lisilosomeka ni sawa na onyo lisilotolewa. Duka linalouza bidhaa hizo liwe na kivuli na mahali pakavu. Sampuli zichukuliwe pasipo taarifa, na matokeo yabandikwe mahali ambapo wanunuzi watayaona. Muuzaji mwaminifu hatadhurika. Kinyume chake, ndiye atakayepona, kwa sababu leo anashindana kwa bei na mtu anayeuza mchanga.

Wapo pia watakaoshauri kwamba, kwa kuwa udanganyifu ni mwingi, pakiti hizi zipigwe marufuku. Ushauri huo ni wa kukata mti kwa sababu ya tawi bovu. Taifa linaloagiza fosfeti kwa fedha za kigeni, lenye pumba na mashudu tele, haliwezi kuipa kisogo sayansi inayoweza kuifungua fosforasi iliyomo ndani ya pumba hizo. Linalotakiwa ni kuitumia kwa macho yaliyofunguka, na kuwapa watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wa vituo vya mifugo kazi ya kupima vimeng'enya hivyo kwa mahindi ya Iringa, alizeti ya Singida na dagaa wa Mwanza, ili mfugaji aambiwe matokeo ya chakula anachokilisha yeye.

Mwalimu naye ana sehemu yake, na pengine ndiyo kubwa kuliko zote. Somo la vimeng'enya hufundishwa katika sekondari kwa mchoro wa ufunguo na kufuli, mwanafunzi akakariri amilesi, pepsini na lipesi, akafaulu mtihani, kisha akarudi nyumbani ambako mama yake anawapa kuku soya mbichi. Elimu ya namna hiyo imeishia mlangoni. Mwalimu anaweza kuleta darasani gramu chache za kimea na sufuria ya uji mzito, na dakika kumi zikatosha kuonyesha amilesi ikifanya kazi mbele ya macho ya watoto. Anaweza kuchemsha sehemu ya kimea hicho kwanza, na watoto wakaona kwamba kimea kilichochemshwa hakiulegezi uji. Tangu hapo hakuna mtoto atakayeshawishika kununua pakiti iliyokaa juani. Anaweza kuloweka dagaa wa kusaga katika glasi ya maji, na mchanga ukazama chini na kuonekana. Majaribio hayo hayahitaji fedha za wafadhili. Yanahitaji mwalimu anayeamini kwamba sayansi ni chombo cha kazi.

Na mtumishi mwenye banda nyuma ya nyumba asisubiri sheria imfikie. Aandike katika daftari kilo anazolisha na mayai anayookota. Abadili kitu kimoja kwa wakati mmoja, ili ajue kilicholeta mabadiliko. Atie pakiti ya vimeng'enya kwa kundi moja na asitie kwa jingine, kwa muda wa wiki kadhaa, kisha ahesabu. Daftari la kurasa hamsini litamlinda kuliko sifa zote za mezani. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini hata kizuri hakijulikani kwa mtu asiyehesabu.

Magunia ya Buguruni yataendelea kufungwa kila asubuhi, na ndani yake mtaendelea kuwemo akiba ya miaka mingi ya watu waliofundisha, kuuguza na kuandika kumbukumbu za nchi hii. Watu hao hawaombi muujiza wa pakiti. Wanachostahili ni kujua wamenunua nini. Ofisa anayepita dukani bila kusoma maandishi ya gunia, na mwalimu anayefuta ubao bila kufika hadi bandani, wote wawili wameuacha mlango wazi kwa mwenye mchanga. Wakiufunga, kimeng'enya kitafanya kazi yake ya halali, na yai litakalookotwa asubuhi litakuwa la haki.